Kuotesha Usinisahau Mji Mkongwe

Tangu nistaafu sijui kukaa. Vyungu vya maua vilivyo mlangoni kwangu hapa Ng'ambo nimevihamisha huku na huku mpaka mwanangu Asha akaniuliza kama ninavitafutia mchumba. Nafagia palipokwisha kufagiliwa. Namwagilia kilichokwisha kumwagiliwa, jambo ambalo mngelifanya nyinyi kwenye kitalu cha miche ningewafokea. Rahma, aliyeshika nafasi yangu, alikuja kunitazama. Akaniona ninavyoinuka kila anaponyanyua kikombe. Akasema, "Bi Mize, kama mikono haitaki kutulia, ipe kalamu. Tuandikie sisi tunaobaki."

Basi ninaandika. Nikiinuka katikati ya sentensi mtanisamehe, na hata hivyo hamtaniona.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilikuja vikapita, na mshahara kila mmoja wenu anaujua ulivyo. Nitaanza na viatu.

Siku ya kwanza nilikwenda kitaluni nimevaa viatu vya visigino, kwa sababu mama alisikia ni kazi ya serikali akadhani nitawekwa ofisini. Aliyenipokea alikuwa Mzee Pandu, mtu mfupi wa Makunduchi, mikono imepasuka nyufa kama kinu kikuukuu. Alivitazama viatu, akanipa chekecheke na lundo la udongo. Nikachekecha mpaka jua likawa utosini. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikamwuliza, "Mzee, nnachekecha mpaka lini?"

"Mpaka uchoke kuuliza."

Nikafikiri hiyo ni hekima, na kwa muda mrefu niliwahadithia watu kuwa Mzee Pandu alinifundisha subira kwa chekecheke. Baadaye nikajua kwamba msichana aliyekuwa akiifanya kazi ile alikuwa ameolewa Pemba, na hapakuwa na mtu mwingine.

Lakini kufundisha alifundisha. Yeye ndiye aliyenionesha kung'oa mche kitaluni kwa kijiko cha kupakulia wali, kilichonolewa ncha, maana koleo za duka zilikuwa nene na zilikata mizizi. Yeye ndiye aliyeniambia mche mchanga ushikwe jani, usishikwe shina. "Jani likikatika litaota jingine," alisema. "Shina halina la pili." Akikasirika alifoka Kimakunduchi, nasi wa mjini hatukumfahamu, na nadhani hilo lilimnusuru yeye na likatunusuru na sisi. Alipostaafu alirudi kwao, asikanyage tena kitaluni. Nilikwenda kumtembelea nikamwuliza kwa nini haji hata kutuamkia. Akanijibu, "N'kija n'tashika jembe." Nilidhani ni majivuno. Mwaka huu nimemfahamu.

Miaka iliyofuata nilikuza mikarafuu, mikungumanga na miembe ya kuunga, na kila mwaka mchwa walikula sehemu yao kabla ya wakulima kuja kuchukua yao. Halafu mambo yakageuka. Watu wakaanza kutaka maua zaidi kuliko miche ya shamba. Zikaja hoteli, zikaja nyumba mpya za Fumba, zilizojengwa juu ya mawe matupu. Mtu ananifungulia simu, ananionesha picha ya bustani, anasema anataka majani kama yale. Nikawa nawaambia kwamba majani yale nayajua, ila na mvua yake iagizwe pamoja.

Ndiyo maana Bi Zuwena aliponiita nilidhani ni picha nyingine ya simu.

Bi Zuwena tulimjua wote kitaluni. Nyumba yake ni ya kizamani, ndani kabisa ya Mji Mkongwe, ina ua wa ndani, kisima, na ngazi ya mawe inayopanda ukutani. Pembeni mwa ua ule palikuwa na asumini iliyopandwa na marehemu mama yake. Harusi nyingi za mtaa ule zilichuma pale maua ya kufunga vikuba, vile vishada vya kunukia vya kuvaa kifuani. Alikuwa mama wa miaka sabini na kitu, mwembamba, hazungumzi na wewe ila huku anafanya kitu kingine. Siku ile alikuwa akichambua mchele.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni mdogo wangu, Nafisa. Amerudi. Ana jambo lake, msikilize, mimi nshamsikiliza nimechoka."

Bi Nafisa alikuwa amesimama kisimani. Ninasema amesimama, lakini hakusimama, alikuwa akizunguka. Alitoka Unguja akiwa bado kijana, akaolewa na kuishi nchi ya baridi maisha yake yote. Mumewe, Bwana Salim, alifariki huko na akazikwa huko. Watoto hawakujaaliwa. Sasa alikuwa amerudi kwa dada yake, lakini sanduku lake lilikuwa bado mlangoni mwa chumba, limefungwa kamba.

Alitoa kichupa cha dawa, akanimiminia kiganjani mbegu nyeusi zinazong'aa, ndogo kuliko ufuta.

"Usinisahau," alisema. "Ndilo jina lake. Salim alikuwa akiyaotesha mlangoni mwa jiko letu. Alipofariki nikayapanda kaburini kwake. Nimeondoka, hakuna wa kuyatazama. Nnataka niyaone hapa."

"Bi Nafisa, haya ni maua ya baridi."

"Mimi pia ni mtu wa baridi sasa. Mbona nnaishi hapa?"

"Wewe una feni," alisema Bi Zuwena kutoka kwenye ungo wake.

Nilichukua mbegu kidogo ili kutomvunja moyo. Bi Zuwena akanisindikiza mpaka mlango wa njiani, akaurudisha nyuma yetu ili tusisikike.

"Mize, mwanangu. Nafisa usiku anatembea, mchana anatembea. Yakiota haya maua, atakaa. Yasipoota atarudi kule akafie peke yake, na mimi nife peke yangu hapa. Tangu mama afariki nyumba hii nnakaa na paka. Fanya uwezavyo."

Wenzangu, nimewahi kuombwa na wakubwa miche ya kupandwa mbele ya wageni wa heshima, siku mbili kabla ya wageni. Sikupata wasiwasi kama nilioupata pale mlangoni.

Nilimwambia Bi Nafisa tusubiri kipupwe, kusi ikivuma na asubuhi zikawa baridi. Hakutaka kusikia. Alisia mbegu mwenyewe, katikati ya kaskazi, jua likichoma mawe ya ua mpaka huwezi kukanyaga pekupeku. Hakuna kilichoota. Sisimizi walizibeba zile mbegu mmoja mmoja, wakapanda nazo ukutani, na Bi Nafisa akakaa ngazini akiwatazama. Nilipokwenda wiki ile nilikuta lile sanduku limetoka mlangoni mwa chumba, liko juani kwenye ngazi.

"Linapata hewa," alisema Bi Zuwena, bila kunitazama.

Kipupwe kilipoingia nikasia mimi, kitaluni, chini ya kivuli cha makuti. Udongo niliuchekecha mwenyewe: mboji iliyoiva, mchanga wa shamba usio na chumvi, na vumbi la makumbi ya nazi ili usishikane. Samadi sikutia, miche michanga kama ile samadi inaichoma. Nikazungushia majivu kwa ajili ya sisimizi. Ikaota michache, dhaifu, imeinama kama watu wanaotafuta sindano. Nikaipeleka nyumbani kwa Bi Zuwena, na ndani ya muda mfupi kingo za majani zikageuka kahawia, miche ikalala.

Hapo ndipo Rahma alipoingia katika habari hii. Alikuwa ametufikia karibuni, ametoka kusoma chuoni Tunguu, nami nilimchukua anisaidie kubeba. Alimwangalia Bi Nafisa akichota maji kisimani na kumwagilia miche iliyokwisha kufa. Akachovya kidole ndooni, akakiweka ulimini, akanigeukia.

"Bi Mize, hii ni supu."

Visima vya mjini vina chumvi, kila mtu anajua. Asumini ya Bi Zuwena ilikuwa imeyazoea maji yale tangu udogo wake. Mimi nilikuwa nimeacha dumu la maji matamu pembeni, lakini Bi Nafisa alikuwa akimwagilia kila mara alipopita, na alipita kila mara, na dumu lilipokwisha akashika kamba ya kisima.

"Nimeyaua mwenyewe," alisema Bi Nafisa.

"Tutasia tena," alisema Rahma, kana kwamba nyumba ni yake. Akatoa simu, akaanza kusoma palepale. Mbegu ile, alisema, inataka giza ili iote, na ikipitishwa baridini kwanza ni bora zaidi. Bi Zuwena akauliza baridi tutaitoa wapi. Rahma akaitazama friji.

Kwa hiyo mbegu za usinisahau zikapitisha masika ya mwaka uliofuata ndani ya friji ya Bi Zuwena, zimefungwa kwenye kitambaa kibichi, kati ya chupa ya maji na bakuli la achari. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, nasi tukatega mapipa chini ya mlizamu wa paa, tukajaza, tukayafunika yasiingie mbu. Bi Nafisa alipewa kazi ya kulinda mapipa. Ilimfaa, alikuwa na sababu ya kuzunguka.

Likabaki swali la pahala. Ua ule unapigwa na jua isipokuwa pembe moja tu, inayopata jua la asubuhi na kisha kivuli cha ukuta mchana kutwa. Pembe hiyo ndiyo ilikuwa ya asumini. Nilizunguka ua mzima nikitafuta pengine. Nilipima kivuli kwa fimbo, nikarudi kesho yake nikapima tena. Sikuthubutu kulisema.

Bi Zuwena alikuwa akiniangalia tangu jikoni. Akatoka na mkasi wangu wa kupogolea, niliokuwa nimeuacha kwenye benchi.

"Ni hapa, siyo?"

"Ni hapo, Bi Zuwena. Lakini tunaweza..."

"Wapi pa kukata?"

"Dada, acha," alisema Bi Nafisa. "Huo ni mti wa mama."

"Mama amekufa, Mungu amrehemu. Wewe uko hai na hunitulii." Kisha akanigeukia mimi. "Nioneshe."

Nikamwonesha. Alikata mwenyewe tawi baada ya tawi, mpaka asumini ikabaki kisiki cha kufika gotini, na ua wote ukanukia. Bi Nafisa alikaa ngazini amejifunika uso kwa mtandio. Mimi nilikusanya matawi, nikayachukua yote kitaluni nikayachomeka kwenye viriba, vifuko vya udongo wa miche, maana sikujua kingine cha kufanya.

Sasa niwaandikie tulivyofanya, kwa sababu mtu atakuja tena na mbegu zake, na mtadhani haiwezekani. Mbegu tulizitoa kwenye friji kipupwe kilipoanza. Tulizisia juu juu kwenye sinia la udongo, tukazinyunyizia vumbi la makumbi kiasi cha kuzificha, tukafunika gunia bichi. Zilipochomoza tukaondoa gunia asubuhi tu. Miche ilipopata jani la nne tukaipandikiza kwenye vyungu vya udongo, siyo plastiki, na kila chungu tukakiweka ndani ya chungu kikubwa zaidi, katikati tukajaza mchanga, na mchanga ule tukauweka mbichi daima. Chungu kinatoa jasho, na kinachotoa jasho kinapoa. Maji ya mvua tu, na yamwagwe mchangani na udongoni, si juu ya majani. Konokono waokotwe kwa mkono alfajiri. Siku zangu za mapumziko nilikwenda vilevile. Asha alinambia kama nimeolewa kule nimwambie.

Mengi yalikufa. Machache yakashika. Asubuhi moja niliingia nikamkuta Bi Zuwena amesimama karibu na mlango, kidole mdomoni, akinizuia nisiseme. Bi Nafisa alikuwa ameketi chini, kwenye mawe, mbele ya vyungu.

Yalikuwa yamechanua, madogo kuliko nilivyodhani. Rangi ya samawati iliyopauka, na katikati kijidoa cha manjano. Kwa miaka yangu yote ya kazi nilikuwa nimeshaotesha maua makubwa zaidi bila kukusudia. Bi Nafisa aliyagusa moja moja kwa ncha ya kidole.

"Ndiyo haya," alisema. Kisha akasema, "Zuwena, nnakwenda."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Salim. Nilijiambia nikiyaona hapa nitakuwa kama nimemzuru. Nimeyaona. Sikumzuru."

Bi Zuwena alinitazama mimi, vile mtu anavyomtazama aliyemuuzia samaki aliyeoza, akaingia jikoni. Siku ile sikukaribishwa kahawa, wala wiki ile.

Niliendelea kwenda, maana mimea haina habari na ugomvi wa watu. Mlango nilifunguliwa, salamu zikajibiwa, basi. Bi Nafisa alikuwa akitoka kila siku kushughulikia safari. Bi Zuwena alikuwa akipika chakula cha watu kumi kwa ajili ya wawili. Nilitamani kumwambia kwamba mimi nilifanya nilichoombwa, lakini hilo hata yeye alilijua, na kulijua hakukumsaidia. Kusi ikaanza kulegea, joto likarudi, na maua yakaanza kukauka kuanzia chini.

Nikaenda siku moja kukusanya mbegu kabla hazijapukutika. Niliingia uani nikamkuta Bi Zuwena amesimama katikati, jua la saa sita, amevaa koti zito la sufu la mdogo wake, limemfika vifundoni. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kidevuni. Bi Nafisa alikuwa amepiga magoti akimpima pindo kwa pini.

"Unanionaje?" aliniuliza Bi Zuwena.

"Kama mtu anayetaka kuzimia."

"Kule hawazimii. Nafisa anasema kule hili ni jepesi."

"Unakwenda naye?"

"Sasa nifanyeje? Yeye hakai, na mimi sikai bila yeye. Mtu mzima kama mimi, hata Dar nilikwenda nikarudi kesho yake kwa sababu kitanda hakikunipenda." Akavua mkono mmoja wa koti, akapumua. "Jana nilimwambia, nenda, Mungu akuweke. Akasema, haya, dada. Akakunja nguo. Nikakaa kitandani nikimtazama anavyokunja, nikamwambia, hizo zangu utazikunja lini?"

Bi Nafisa, na pini mdomoni, alikuwa akicheka bila sauti, mabega yanamtikisika.

Waliondoka kabla ya vuli. Waliniachia ufunguo na paka. Miezi ile ndiyo iliyokuwa miezi yangu ya mwisho kazini, na nilikuwa nikitoka kitaluni, nakwenda kukaa katika ua ule mtupu, nainuka, nakwenda nyumbani, nainuka tena. Wao hawakupiga simu mara nyingi. Bi Zuwena alisema simu ya kule inamkata maneno. Nilijua ningeambiwa kama kuna msiba, lakini kila simu ilipolia niliikimbilia. Nilifikiri Bi Nafisa, akishafika, atakaa palepale. Na Bi Zuwena, kwa ukaidi wake, atakaa naye mpaka baridi imuue.

Walirudi wote wawili, kaskazi imeshaingia, mimi nimeshastaafu. Niliitwa. Nikawakuta uani, koti la sufu limetundikwa ukutani likipigwa na jua. Bi Zuwena alikuwa akikuna nazi. Sanduku la Bi Nafisa halikuwa ngazini, wala mlangoni mwa chumba.

Nilikunywa kahawa kwanza, kisha nikauliza nililokuja kuliuliza. "Na maua ya kaburini?"

"Mize," alisema Bi Zuwena, "maua yale kule ni magugu. Wallahi. Kaburi la Salim halionekani, majani yake tu. Yameruka kwa jirani, yameruka kwa jirani wa jirani, watu hata hawakumjua Salim. Yule anayefagia makaburini alituambia anayang'oa kwa jembe kila mwaka, na kila mwaka yanarudi. Nilimtazama, nikakukumbuka wewe na vyungu vyako, nikaona haya kucheka makaburini."

"Hayakuwa na maua, ni majira yake ya kulala," alisema Bi Nafisa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. "Mimi nilikuwa nikilala macho nikifikiri hakuna wa kuyatazama. Hayataki mtu wa kuyatazama."

"Ukafanya nini?"

"Nikamsomea dua. Nikamwambia nimeshazeeka, sitakuja tena, naye anisamehe. Halafu nikasimama pale, nikasubiri nione nitajisikiaje. Zuwena alikuwa nyuma yangu anatetemeka, meno yanagongana."

"Ukajisikiaje?"

Bi Nafisa alimtazama dada yake.

"Nikasikia njaa," alisema. "Nikamgeukia, nikamwuliza na wewe je? Akasema yeye ana njaa tangu asubuhi, alikuwa akinionea haya. Basi tukashikana mikono, maana njia ilikuwa inateleza, tukaenda kutafuta pahala pa kula."